Sura ya Tano: Nywele za Mtoto Zisizotii Kitana

Nywele za kipilipili huanza kujikunja zikiwa bado ndani ya ngozi. Kishimo kinachootesha unywele kimepinda, na unywele wenyewe ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini huonekana umebapa. Kwa sababu hiyo kila unywele hutoka ukijizungusha, hukumbatiana na wenzake na kufunga mafundo. Mafuta ya asili yanayotolewa na ngozi ya kichwa hupata shida kuteremka kwenye njia yenye kona nyingi namna hiyo, hivyo shina hupata mafuta ilhali ncha hubaki kavu. Tena kila kona ni mahali ambapo unywele unaweza kukatika. Mkunjo, ukavu na wepesi wa kukatika ndivyo vinavyoeleza karibu vilio vyote vinavyosikika asubuhi mtoto anapochanwa kabla ya kwenda chekechea, iwe Kihonda mjini Morogoro au Nyandira kule juu Mgeta.

Mtoto ana la ziada. Unywele wake ni mwembamba kuliko wa mtu mzima, na ngozi ya kichwa chake ni laini. Mkono uliozoea kumsuka mama mtu mzima ni mzito mno kwa kichwa cha binti wa miaka 3, na madhara mengi ya nywele za watoto yanatokana na uzito huo kuliko yanavyotokana na nywele zenyewe.

Miezi ya mwanzo

Nywele anazozaliwa nazo mtoto si za kudumu. Huanza kudondoka katika miezi michache ya mwanzo, na kisogoni huisha mapema zaidi kwa sababu ndipo anapolalia. Zinazofuata huweza kuwa tofauti kabisa kwa rangi na kwa mkunjo. Mtoto aliyezaliwa na nywele laini zilizolala huweza kutimiza mwaka akiwa na kipilipili kilichokaza, na kwa wengine mkunjo wa kweli haujulikani hadi mwaka wa pili. Hakuna sababu ya kumhangaikia mtoto kwa mafuta ya kila aina katika kipindi hiki.

Kunyoa hakubadili aina ya nywele. Imani kwamba mtoto akinyolewa mara kwa mara nywele zitakuwa nene imeenea sana, lakini wembe hukata sehemu iliyo nje ya ngozi tu. Kishimo, ambacho ndicho kinachoamua unene na mkunjo, hakiguswi. Unywele ulionyolewa huonekana mnene kwa kuwa ncha yake imekatwa butu.

Kunyoa kwa mara ya kwanza kuna uzito wake wa kidini na kimila, na huo hauhitaji kuthibitishwa na sayansi. Familia za Kiislamu hufanya akika siku ya saba: mnyama huchinjwa, mtoto hupewa jina na kunyolewa, na sadaka hutolewa kwa kadiri ya uzito wa nywele zake katika fedha. Katika nyumba nyingi, za Waislamu na za Wakristo pia, nywele zilizonyolewa hazitupwi ovyo. Bibi au shangazi huzikusanya na kuzifukia.

Anayenyoa kichwa cha mtoto mchanga anafanya kazi karibu na utosi, ambao kwa kawaida hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Wembe uwe mpya na uwe wa kichwa hicho kimoja. Hata hivyo utosi si wa kuogopwa wakati wa kuosha. Baadhi ya walezi huuruka kwa hofu, na hapo hapo magamba ya manjano yenye mafuta hujikusanya hadi yakawa tabaka. Dawa yake ni upole: kupaka mafuta kidogo, kuyaacha magamba yalainike, kuosha kwa sabuni isiyo kali na kupitisha brashi laini. Kuyabandua kwa kucha huacha vidonda. Yakiachwa bila kuchokozwa, mara nyingi hupotea yenyewe baada ya miezi kadhaa.

Maji kwanza, chanuo baadaye

Kosa kubwa kuliko yote katika kutunza nywele za mtoto ni kuzichana zikiwa kavu. Kitana chenye meno yaliyobanana, kikipitishwa kwa nguvu kuanzia shina, husukuma mafundo yote kuelekea nchani mpaka yawe bonge moja. Mlezi huvuta, unywele hukatika, mtoto hulia, na kesho yake akikiona kitana hukimbia. Nywele hizo kisha husemwa kuwa hazikui. Zinakua, ila zinakatwa kila asubuhi.

Utaratibu unaofaa huanza na maji. Nywele zinaloweshwa, zinagawanywa mafungu manne, na kila fungu linapakwa mafuta au losheni ya nywele. Vidole vinatangulia kufumbua mafundo makubwa, ndipo chanuo lenye meno mapana linafuata, likianzia nchani na kupanda kidogo kidogo. Mkono wa pili unashika fungu karibu na ngozi, ili mvuto uishie kwenye kiganja badala ya kichwani. Fungu lililokwisha linasokotwa na kubanwa pembeni lisirudie kujifunga. Kwa kichwa cha mtoto wa miaka 3 au 4 kazi hii inamalizika upesi, mradi isifanywe akiwa na njaa au usingizi. Saa mbaya kuliko zote ni ile ya kukimbizana na gari la shule.

Kuosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili kunatosha, isipokuwa mtoto akiwa amecheza kwenye vumbi au matope. Sabuni ya mche, inayotumika sana vijijini, ni kali kwa nywele: huondoa uchafu pamoja na mafuta yote, na nywele zikikauka hukakamaa. Pale isipokuwapo shampuu, sabuni ya kuogea ya watoto ni afadhali.

Kuhusu mafuta, Morogoro ina bahati ya kuwa karibu na minazi ya Pwani. Mafuta ya nazi yana sifa ambayo mafuta mengi hayana: hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Yakipakwa kabla ya kuosha husaidia zaidi kuliko baada. Tatizo lake kwa wakazi wa milimani ni baridi. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo chupa inayokaa majimaji sehemu kubwa ya mwaka mjini Morogoro hugeuka nta nyeupe mwezi Juni na Julai katika vijiji vya Mgeta vilivyo juu ya mita 1,000. Mafuta hayo hayajaharibika. Yakiwekwa juani au yakasuguliwa kati ya viganja huyeyuka tena. Huko huko juu ni vyema kuosha nywele saa sita mchana kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa kichwa cha mtoto kikiloa jioni hukaa na unyevu usiku kucha.

Mafuta ya nyonyo ni mazito na hufaa kwa ncha kavu, kwa kiasi kidogo. Mafuta ya mgando hayaongezi unyevu wowote. Kazi yake ni kuuzuia uliopo usitoke. Yakipakwa juu ya nywele zilizoloweshwa yanafaa, lakini yakipakwa juu ya nywele kavu huzifungia ukavu wake na kukusanya vumbi.

Je, nywele zinaweza kuzoeshwa?

Walezi wengi hutumaini kwamba nywele za mtoto zikivutwa, zikabanwa na kusukwa tangu mapema zitanyooka au zitalala. Jibu la kweli lina pande mbili. Umbo la muda linaweza kubadilishwa kabisa. Ndani ya unywele kuna viungo vidogo vinavyoachia unapoloa na kushika tena unapokauka, na vinashika lile umbo ulilokaukia. Ndiyo maana nywele zilizofungwa kwa uzi zikiwa na unyevu, zikaachwa zikauke, hufunguliwa zikiwa ndefu na laini kuchanika. Mama zetu na bibi zetu walilifahamu hilo muda mrefu kabla ya pasi za umeme, na uzi mweusi wa pamba ungali njia salama kuliko zote ya kunyoosha nywele za mtoto bila moto wala dawa.

Umbo hilo huondoka unyevu unaporudi. Milima ya Uluguru huonyesha jambo hili vizuri. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupokea mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi na kupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Nywele zilizonyooshwa kwa uzi huko hurudi kujikunja haraka, wakati mjini Morogoro katika kiangazi cha Agosti na Septemba umbo hilo hilo hudumu siku nyingi zaidi. Mlezi wa Kinole asijione hana mkono mzuri. Hewa ya kwao ndiyo yenye unyevu.

Mkunjo wa asili haubadiliki kwa kuzoeshwa, na hata mzunguko wa nywele ulioko nyuma ya kichwa, unaofanya kishungi kisimame kila kikilazwa, umepangwa tangu mtoto akiwa tumboni. Kinachozoeshwa kwa kweli ni mtoto mwenyewe. Mtoto aliyeguswa kichwani kwa upole tangu uchanga, akaambiwa fungu gani linafuata, akapewa chanuo alishike, hukaa kitako mpaka mwisho. Aliyevutwa kwa nguvu na kupigwa kofi la kumtuliza atapigana na kila msusi kwa miaka.

Waluguru walikuwa na namna yao ya kuufundisha mkono kabla haujakabidhiwa kichwa cha mtoto. Wao, pamoja na Wazaramo, Wakwere na Wakaguru, walichonga sanamu ndogo ya mbao iitwayo mwana hiti. Ni kigogo kifupi cha kiwiliwili kisicho na mikono, na juu ya kichwa kuna shungi moja au mashungi mawili yaliyosimama. Uso wake huchongwa kwa alama chache tu. Mashungi ndiyo yanayoitambulisha. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti, akamwogesha, akampaka mafuta na kumpamba kwa shanga, akijifunza malezi. Sanamu nyingi za aina hii sasa zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na zile kongwe zinang'aa kwa mafuta yaliyopakwa na vizazi vya mikono. Mafunzo ya namna hiyo hayajatoweka kabisa. Wasichana wadogo wa vijijini bado husuka nywele za mahindi machanga na vichaka vya majani marefu kando ya njia, na mtoto mwenye mwanasesere wake wa gunzi wa kumsuka huwa mvumilivu zaidi zamu yake ya kusukwa ikifika.

Mitindo inayomfaa mtoto

Kwa mtoto wa chini ya miaka 2 mtindo bora ni kuacha nywele zikiwa fupi au wazi, zimelowana kidogo na kupakwa mafuta. Hapana haja ya kumsuka mtoto ambaye shingo yake ndiyo kwanza imekaza ili tu apendeze kwenye picha.

Kuanzia miaka 2 au 3, mabutu machache makubwa ndiyo mwanzo mzuri. Nywele hugawanywa mafungu sita au manane, kila fungu likasukwa au kuzungushiwa uzi bila kukazwa shinani. Vitunguu, yaani mafungu yaliyosokotwa na kuviringwa juu ya kichwa, hupendeza na hufunguka kirahisi, ila humsumbua mtoto akilala vikiwa vimesimama kisogoni. Twende kilioni, mistari inayokwenda nyuma, huhitaji nywele ndefu kiasi na mtoto anayeweza kutulia. Mistari iwe mipana na michache. Msusi akianza kuchora mistari myembamba ya kuzunguka kichwani, hapo anamsuka mama aliyekaa pembeni na kumsahau mtoto.

Kukaza ndiyo hatari kuu. Nywele zinazovutwa mfululizo hung'oka taratibu kwenye vishimo, hasa kwenye paji la uso na juu ya masikio, na vishimo vikivutwa kwa miaka hupata makovu na kuacha upara wa kudumu. Baadhi ya wanawake wenye kipara cha mbele walianza kukipata utotoni. Dalili zake zinaonekana mapema: ngozi iliyotuna kati ya mistari, vichunusi vidogo kwenye ukingo wa nywele, macho yaliyovutwa juu, mtoto anayekataa kulala ubavu, au maumivu yanayodumu baada ya kushuka kwenye kigoda. Msemo wa kwamba maumivu yataisha baada ya siku mbili haufai kukubaliwa. Msuko ukiuma, unafumuliwa jioni ile ile, hata kama msusi amekwisha kulipwa.

Rasta za nywele bandia zisubiri. Uzito wake huning'inia kwenye nywele nyembamba, na umaliziaji wake una hatari ya peke yake, kwa kuwa ncha huchovywa kwenye maji ya moto au kuchomwa kwa kiberiti. Maji hayo yakimwagika mgongoni mwa mtoto aliyegeuka ghafla, pambo limekuwa jeraha la kupelekwa hospitali. Raba nyembamba za kubania nazo hukata nywele. Kitambaa laini au uzi hufanya kazi hiyo hiyo bila madhara. Shanga zinafaa kwa mtoto aliyevuka umri wa kutia kila kitu mdomoni.

Msuko wa mtoto ukae wiki moja hadi mbili, na usivuke wiki tatu. Wakati wa kufumua nywele nyingi huonekana zimetoka, na baadhi ya mama huingiwa na hofu. Kila kichwa hupoteza nywele kila siku, ila zile zilizotoka zilikuwa zimeshikwa ndani ya msuko. Kinachohitaji kuangaliwa ni vipande vifupi vilivyokatika.

Dawa za kulainisha nywele hazina nafasi kwenye kichwa cha mtoto mdogo. Nyingi zina magadi makali yanayovunja viungo vya ndani ya unywele, na yakigusa ngozi huunguza. Neno la kwamba dawa hii ni ya watoto, lililochapishwa kwenye boksi lenye picha ya binti anayetabasamu, halibadilishi kilichomo. Chanuo la moto nalo humuunguza sikio mtoto anayetikisika. Binti akikua na akataka mwenyewe kulainisha nywele zake, huo ni uamuzi wa mtu mkubwa.

Kwa kinyozi

Watoto wa kiume huonja mashine mapema. Kiduku na michoro ya pembeni imeingia hadi vijijini, na haina ubaya wowote kiafya. Ubaya hutoka kwenye mashine inayopita kichwa hadi kichwa. Mapunye, yale mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, ni ukungu, na huenea kupitia mashine, vitana, kofia na mito, hasa kwa watoto wa umri wa shule ya msingi. Kuifuta mashine kwa spiriti haraka haraka hakuui ukungu wote. Nyumba yenye wavulana kadhaa ingefanya vyema kununua mashine yake, au walau kumtaka kinyozi aondoe nywele zilizonasa kwenye meno na kuyasafisha kabla ya kuanza.

Mapunye hayaponi kwa krimu pekee, kwa sababu ukungu uko ndani ya unywele ambako krimu haifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, ambayo mara nyingi ni griseofulvin, kwa wiki kadhaa, ikiandikwa na mganga wa kituo cha afya au hospitali kulingana na uzito wake. Kupaka majivu, betri iliyopondwa au mafuta ya breki kunaunguza ngozi na kuchelewesha tiba. Chawa ni jambo jepesi zaidi: nywele hunyolewa, au huchanwa zikiwa na maji kwa kitana chenye meno yaliyobanana kila baada ya siku chache hadi mayai yaishe, na nguo na mashuka hufuliwa kwa maji ya moto.

Nywele zinazobadilika zenyewe

Kuna ulaini usiopaswa kufurahiwa. Mtoto mwenye kipilipili kizito ambaye nywele zake zinageuka kuwa chache, nyepesi, zilizonyooka na zenye wekundu bila kupakwa chochote, huenda anapungukiwa na protini. Hiyo ni moja ya dalili za unyafuzi, pamoja na miguu kuvimba, uso kutuna na mtoto kukosa raha ya kucheza. Hali hii huweza kutokea hata kwenye kaya yenye chakula tele. Uluguru ina ndizi, magimbi, mihogo na matunda mengi, na mtoto hushiba navyo, lakini tumbo lililojaa ndizi na magimbi linaweza kukosa maharage, mayai, dagaa na maziwa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kliniki siku hiyo hiyo, asipelekwe kwa msusi.

Kuingia darasa la kwanza

Shule nyingi za serikali Tanzania huwataka wanafunzi wote, wasichana kwa wavulana, wawe na nywele fupi. Baadhi ya shule binafsi huruhusu kusuka kwa mtindo mmoja uliopangwa. Mzazi aulize kabla ya Januari. Binti aliyesukwa tangu akiwa na miaka 3 huweza kulia kwa uchungu wa kweli siku ya kunyolewa, na uchungu huo unastahili kuheshimiwa. Aelezwe mapema, anyolewe nyumbani au na mtu anayemfahamu siku chache kabla ya shule kufunguliwa, na mashine iache nywele kidogo badala ya kufikia kipara, kwa kuwa kichwa kitupu huchomwa na jua la Januari. Nywele fupi hazihitaji kusukwa, lakini kuoshwa na kupakwa mafuta kunaendelea vile vile. Nywele za kipilipili hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, na kwa kasi hiyo kichwa kilichonyolewa kabisa huhitaji miezi minne hadi mitano kabla ya kushika tena twende kilioni.